Kabla hujanunua betri ya tatu

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nina gari dogo la zamani, cc 1300, lina miaka zaidi ya 20. Ndani ya miaka miwili nimebadilisha betri mara mbili, na hii ya pili nayo imeanza. Nikiliacha gari siku nne au tano, nikija asubuhi stata inalia tik-tik-tik, halafu kimya. Likisukumwa linawaka, na siku hiyo nzima halinisumbui. Fundi mmoja ameniambia nifunge betri kubwa zaidi, mwingine anasema niongeze asidi. Nimsikilize nani? Na hii kazi ya kubadilisha betri naweza kuifanya mwenyewe?"

Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili. Betri kubwa haitakusaidia, na asidi itaharibu hata kile kilichobaki. Kubadilisha utaweza mwenyewe, tena vizuri tu, lakini hiyo ni kazi ya mwisho. Betri nzuri, ikifungwa kwenye gari lisilo na hitilafu, kwa kawaida hukaa miaka mitatu hadi mitano. Penye joto kali hupungua. Mbili kufa ndani ya miaka miwili si bahati mbaya. Kuna kitu kinaziua, na kitu hicho bado kimo ndani ya gari lako. Ukifunga ya tatu leo bila kukitafuta, mwakani tutakuwa hapa hapa.

Nianze na namna betri inavyofanya kazi, maana ukishalielewa hilo, mengine yote hayatahitaji kukaririwa. Betri tunayotumia leo imetokana na ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: mabamba ya risasi yaliyozamishwa ndani ya asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Ndani ya boksi kuna vyumba sita, kila kimoja huitwa seli, na kila seli ikijaa hutoa takriban volti 2.1. Zidisha kwa sita upate 12.6. Namba hiyo iweke kichwani. Unapotumia umeme, salfa iliyomo kwenye asidi huhamia kwenye mabamba na kuyafunika kwa utando wa salfeti ya risasi, na kile kimiminika huendelea kupoteza ukali kikikaribia kuwa maji matupu. Unapochaji, salfeti huachia mabamba na asidi inarudi. Ni kwenda na kurudi, mamia ya mara.

Tabu inaanza pale salfeti isiporudishwa mapema. Ikiwa changa ni laini, huachia kirahisi. Ikikaa wiki kadhaa huganda ikawa chembe ngumu, na chaji ya kawaida haiibandui tena. Hiyo sehemu ya bamba imekufa moja kwa moja. Ukipata betri yenye vifuniko vinavyofunguka, chukua tochi uchungulie. Kwenye betri yenye afya utaona mabamba ya upande wa chanya yana rangi ya hudhurungi iliyokolea na ya upande wa hasi ni ya kijivu. Kwenye betri iliyosahauliwa bila chaji utaona weupe umetanda juu yake, kama ubao uliofutwa chaki kwa kiganja. Nikiuona weupe huo huwa sina haja ya kumuuliza mwenye gari mambo mengi. Najua betri hii ililala njaa.

Angalia sasa kazi yenyewe ya kuwasha gari. Stata ya injini ndogo huvuta umeme mwingi, tuseme ampea 150, lakini kwa sekunde tatu tu. Ukipiga hesabu hata robo ya ampea-saa (ampea moja ikivutwa saa nzima) haifiki. Alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili izalishe umeme, hulipa deni hilo ndani ya dakika chache za safari. Kwa hiyo kuwasha gari hakujaua betri zako. Zimekufa kwa kukaa nusu tupu, siku baada ya siku. Na betri hukaa nusu tupu kwa njia mbili: ama haijazwi ipasavyo injini ikiwa inafanya kazi, ama inanyonywa gari likiwa limelala. Kuna na njia ya tatu inayofanana na hizo ingawa betri haina kosa lolote: nyaya zimeoza na umeme haufiki. Maelezo yako yananielekeza kwenye ile ya pili, lakini tupime, tusikisie.

Tafuta mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha. Jioni, kabla hujaliacha gari, fungua boneti uiache imelala tu bila kujifunga kwenye komeo. Sababu ni kwamba asubuhi ukifungua mlango ili uvute kifyatuo cha boneti, taa ya ndani itawaka na kipimo chako kitakuwa kimeshaguswa. Asubuhi gusisha mita kwenye vichwa viwili vya betri, zile nguzo fupi za risasi zilizo juu yake. Ukiona 12.6 au karibu na hapo, imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo, na chini ya hapo tuiite tupu. Ona jinsi namba zilivyobanana: kati ya betri iliyojaa na iliyokwisha hakuna hata volti moja kamili. Ndiyo maana mtu hupima 12.1 akasema "si ni volti 12, iko sawa," kumbe iko taabani. Na ukikuta kama 10.5 hata baada ya kuichaji, seli moja imekufa, betri hiyo haina dawa.

Kisha mtu akupigie stata huku ukiitazama mita. Kushuka lazima kutakuwepo, lakini kusipite chini ya volti 9.6 au hapo karibu. Betri iliyojaa kwa 12.6 halafu ikaporomoka hadi 8 mara tu stata inapoguswa, hiyo imechoka kwa ndani. Gari likishawaka, pima tena pale pale. Unatakiwa kuona kati ya 13.8 na 14.5, na ukiwasha taa kubwa na feni ya ndani isishuke sana. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji: angalia mkanda kama umelegea, kisha kaboni zake, ambazo kwenye magari ya umri huo huwa zimelika. Ikipanda kupita 15, regyuleta, ile inayodhibiti volti za alteneta, imeharibika na inaikaanga betri. Utaona maji yanakauka haraka na utasikia harufu kama ya yai viza. Zote mbili huua betri mpya ndani ya miezi.

Hapa nikueleze kisa kimoja, kwa sababu magari ya zamani yana ugonjwa huu sana na wengi hawautazami. Niliwahi kuletewa gari dogo ambalo mwenyewe alikuwa ameshalinunulia betri na stata, na bado asubuhi lilikuwa likivuta kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Betri ilisoma 12.6. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, nikaomba apige stata. Palipaswa kuwa karibu na sifuri, isizidi volti 0.3. Mita ikasoma zaidi ya volti mbili. Maana yake volti mbili nzima zilikuwa zinapotelea njiani. Nikaufuata waya wa ethi, ule unaounganisha injini na bodi. Kwa nje plastiki yake ilikuwa nzima. Nilipoukunja, ukalia kama jani kavu, na pale mwishoni ukadondosha unga wa kijani. Shaba yote ya ndani ilikuwa imeliwa na kutu. Waya mpya wenye urefu wa mkono mmoja ndio uliomaliza kesi hiyo. Nililisikitikia lile pochi la mwenye gari, maana betri na stata alizotupa hazikuwa na kosa.

Turudi kwako. Gari lako linawaka vizuri siku nzima likishasukumwa, na linakufa likikaa siku nne au tano. Hiyo ni sura ya gari linalonyonywa. Kila gari hunyonya kidogo likiwa limezimwa: saa, kumbukumbu ya redio, kengele ya wizi. Kwa gari la zamani lenye vikorokoro vichache, kipimo cha miliampea 20 hadi 50 ni cha kawaida. Hata hizo 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 40 inaweza kuzivumilia wiki mbili bila kufika nusu. Lakini chukua balbu ndogo ya buti, ya wati 5. Ikibaki inawaka, inavuta kama ampea 0.4, yaani ampea-saa 10 kila siku. Siku nne, 40 zote zimekwisha. Umeona inavyolingana na kilio chako? Sisemi ndiyo yenyewe, ila ningeanza hapo, tena bila mita: washa simu irekodi video, iweke ndani ya buti, funga, subiri nusu dakika, fungua uitazame. Video ikiwa giza tupu, buti haina hatia. Fanya hivyo hivyo kwenye kabati la dashibodi kama lina taa.

Ukitaka uhakika, pima mnyonyo wenyewe. Zima kila kitu, toa ufunguo, na kitufe cha mlangoni kinachozima taa ya ndani kibandike kwa utepe ili gari lione kama milango imefungwa. Waya mwekundu wa mita uhamishie kwenye tundu la ampea 10 na kidude cha kuchagulia ukigeuze upande wa ampea. Fungua waya wa hasi wa betri, kisha weka mita katikati, ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye waya ulioufungua, ili umeme wote upite ndani ya mita. Hapo usipige stata wala usifungue ufunguo, utaiunguza. Ngoja dakika 20 vifaa vilale, ndipo usome. Ukikuta 0.03 au 0.05, hakuna tatizo. Ukikuta 0.3, mwizi yupo ndani. Anza kuchomoa fyuzi moja moja huku mtu anatazama mita. Ile itakayoishusha namba ghafla ndiyo inayolisha mwizi wako. Mara nyingi nimemkuta kwenye redio iliyofungwa baadaye na mtu aliyeunganisha waya bila kufuata ufunguo, au kwenye kengele ya wizi iliyochoka. Zikiisha fyuzi zote na namba haijashuka, shuku alteneta. Dayodi zake, vile vidude vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zikivuja, hunyonya betri usiku kucha, na waya wake mnene kwa kawaida haupiti kwenye fyuzi hizo ndogo. Gusa alteneta injini ikiwa imepoa: ya moto wakati gari limelala tangu jana imejitaja yenyewe.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti. Nasisitiza. Mtu akisahau, siku inayofuata akapima volti za betri, anakuwa ameunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na mita inaweza kulipuka mkononi.

Sasa kuhusu ushauri uliopewa. Asidi haipotei kwenye betri isipomwagika. Kinachopotea ni maji, kwa joto na kwa kuchajiwa. Kwa hiyo kinachorudishwa ni maji, yale yaliyokenekwa, ambayo wengi wanayaita maji ya betri. Soma lebo kwa makini, maana chupa za asidi na za maji hufanana. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi na madini yanayochafua mabamba. Ukiongeza asidi, unaufanya mchanganyiko kuwa mkali kuliko ulivyokusudiwa, unayala mabamba, na kipimo cha haidromita, kile kifaa cha kupimia ukali wa asidi, kinakudanganya kwamba betri imejaa. Jaza maji hadi yafunike mabamba kwa kama sentimita moja, au hadi kwenye alama, na uyajaze baada ya kuchaji, kwa kuwa kimiminika hupanda kikichajiwa. Isipokuwa kama mabamba yako wazi kabisa, hapo weka kiasi cha kuyafunika tu kabla ya kuanza.

Kama betri yako inafunguka, haidromita itakuambia mengi kuliko mita ya umeme. Kivute kimiminika cha kila seli, tazama kielea kinasimama wapi. Seli iliyojaa husoma kama 1.265 hadi 1.280, nusu ni karibu 1.190. Kinachoangaliwa zaidi ni tofauti kati yao. Seli tano zikisoma 1.260 na moja 1.120, hiyo moja imeaga, na itaendelea kuziburuza zile tano. Seli zote sita zikiwa chini kwa usawa, betri ina njaa tu. Ichaji polepole, kwa moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampea 4 kwa betri ya 40, usiku kucha mahali penye hewa. Huenda bado ni nzima. Usiitegemee alteneta kuifufua betri iliyokwisha kabisa. Alteneta imeundwa kurudisha kile kidogo kilichotumika. Ukiibebesha betri tupu kila baada ya kusukuma gari, inachemka, na utaiongezea dayodi mbovu kwenye orodha ya matatizo.

Na betri kubwa? Ndoo ikitoboka, ukubwa wake unaongeza tu muda wa kumwagika. Badala ya siku nne utapata sita. Juu ya hapo, haitakaa vizuri kwenye kitako chake, haitabanwa, na ikiwa ndefu kwenda juu vichwa vyake vinaweza kugusa boneti. Nimeona boneti yenye shimo lililochomwa kwa namna hiyo. Ukipata yenye nguvu kidogo zaidi ndani ya umbo lile lile, chukua, haina ubaya.

Basi tuseme umemkamata mwizi na umethibitisha betri hii nayo imeshaumia. Ukienda kununua, andika kila kilichoandikwa kwenye ile ya zamani. Magari mengi ya Kijapani hutumia alama kama 46B24L, ile ambayo kwa mtindo wa zamani huitwa NS60L. Namba ya kwanza ni kiwango cha nguvu, B ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu wake kwa takriban sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Hapo ndipo watu hukosea: L na R zina umbo lile lile, lakini ukichukua isiyo yako waya wa chanya haufiki, au unafika kwa kuvutwa hadi unakwaruza chuma. Angalia pia unene wa vichwa. Kwa saizi hiyo vipo vyembamba na vinene, na herufi S mwishoni humaanisha vinene. Usikubali kuwekewa msumari au kipande cha kopo ili terminali, kile kibano cha mwisho wa waya, ibane. Kuna pete za risasi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, kisha omba ipimwe mbele yako. Betri mpya inayosoma 12.3 imekaa muda mrefu bila chaji, na ule ugonjwa wa weupe umeshaanza. Nataka kuona 12.5 kwenda juu.

Kubadilisha kwenyewe si kazi ya kutisha. Vua saa na pete za chuma, vaa miwani na glavu, na usiwe na moto wala sigara karibu, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na asilimia 4 tu ya gesi hiyo kwenye hewa inatosha kuwaka. Kama redio yako inadai namba ya siri ikikatiwa umeme, itafute kwanza. Kisha fungua hasi. Daima hasi ndiyo ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana yako ikigusa chuma chochote cha gari wakati bado imeshika nati ya chanya, umeunganisha betri na yenyewe. Niliona hilo kwa macho yangu nikiwa bado najifunza kazi: cheche kubwa nyeupe, spana imeganda pale pale kama imechomelewa, na kijana aliyekuwa ameishika alibaki na alama ya moto kiganjani. Hasi ikishatoka, spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea.

Terminali iliyong'ang'ania usiigonge kwa nyundo. Utavunja kichwa kwa ndani bila kuona. Ilegeze nati, itanue kidogo kwa bisibisi bapa, izungushe huku ukiivuta juu. Betri ndogo ina uzito wa kilo 10 hadi 15, kwa hiyo ibebe ikiwa imesimama wima. Kabla ya kuweka mpya, tazama kitako. Ule unga mweupe au wa buluu na kijani ni asidi iliyokula chuma. Koroga bikaboneti, yaani magadi ya kuokea, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, umwagie. Litatoka povu, povu likikoma asidi imekwisha. Suuza, kausha, na kama rangi imekwenda paka nyingine. Dawa hiyo isiingie ndani ya seli kamwe. Terminali zisugue ndani kwa brashi ya waya au msasa hadi zing'ae. Weka betri, ibane kwa mkanda au chuma chake hadi isitikisike ukiisukuma, kwa sababu mtikisiko hupukutisha mabamba taratibu na barabara mbovu zinaharakisha. Funga chanya, kisha hasi. Grisi au mafuta ya mgando yapakwe juu ya terminali baada ya kukazwa. Gari likiwashwa, pima tena uione ile 14, na usishangae likiyumba kidogo mapigo ya injini likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, kwa muda, kama lina kompyuta ya injini linajifunza upya.

Tahadhari moja kwa wenye magari ya kale zaidi ya lako: Volkswagen Beetle nyingi hadi katikati ya miaka ya 1960 zilikuwa za volti 6, na betri yake iko chini ya kiti cha nyuma, Mini za miaka hiyo betri iko kwenye buti na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Hapo ile kanuni inageuka: anza na upande uliofungwa kwenye bodi, vyovyote utakavyokuwa.

Siku ukikwama na ukapata gari la kukusaidia kwa waya, waya mwekundu uanzie chanya ya betri iliyokufa, uende chanya ya nzima. Mweusi uanzie hasi ya nzima, na mwisho wake uubane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Cheche ya mwisho lazima itokee, na hutaki itokee juu ya gesi. Na likishawaka, usichomoe betri injini ikiwa inanguruma ili "kujaribu alteneta." Volti huruka ghafla na kuchoma dayodi au kompyuta ya injini.

Baada ya hapo utunzaji ni mdogo. Mara moja kwa mwezi tazama maji na terminali, na kipindi cha joto tazama zaidi, kwa kuwa joto ndilo linalozeesha betri kuliko baridi. Baridi huja tu kuonyesha uchovu ulioletwa na joto. Futa juu ya betri, uchafu wenye unyevu hupitisha umeme kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Gari likikaa zaidi ya wiki mbili, fungua hasi au lichaji. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakulisaidii. Liendeshe nusu saa au zaidi barabarani.

Ile betri iliyokufa usiimwage wala usimpe mtu anayeyeyusha risasi nyumbani. Risasi huingia kwenye udongo na mikononi mwa watoto, na huharibu ubongo wao hata kwa kiasi kidogo sana. Irudishe ikiwa nzima, imesimama, vifuniko vyake vimefungwa, kwa anayeuza betri au anayezikusanya kwa ajili ya kiwanda; karibu risasi yote iliyomo ndani hurudi kuwa betri nyingine. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chochote, na nguo ulizofanyia kazi zifuliwe peke yake, kwani tone la asidi ambalo hukuliona leo utaliona kesho likiwa tundu.